Noti Niliyoifuta kwa Raba

Vijana wangu, hakuna wiki inayopita bila kuletewa picha za noti kwenye simu. Huyu kaikuta shilingi ishirini ya zamani ndani ya mto wa bibi yake, yule kafungua sanduku la babu akatoa faranga, na swali lenu wote ni moja: "Mzee Hamisi, hii si mamilioni hii?" Hapana, si mamilioni. Mara nyingi haifiki hata bei ya kilo ya dagaa pale Katonga. Sisemi hivi kuwakatisha tamaa. Nasema mapema ili tukishamaliza habari ya mamilioni mnisikilize kwa mambo mengine.

Biashara ya noti kuukuu nimeifanya tangu nikiwa kijana wa Ujiji asiye na ndevu, mpaka macho yaliponiambia basi. Sasa nina mtoto wa jicho pande zote mbili, na mtu asiyeona vizuri akiendelea kununua noti anajitafutia kicheko. Mke wangu, Mama Asha, alifurahi nilipostaafu. Miaka yote alikuwa akisema waume za wenzake wanatafuta pesa inayonunua sukari, yeye wake anatafuta isiyonunua hata kiberiti.

Kwanza mwelewe kazi yenyewe. Watu hudhani ni kununua na kuuza. Kununua kupo, kuuza kupo, lakini anayetaka albamu yake ipendeze anaishi kwa kubadilishana. Una noti tatu za aina moja, zote zimechoka. Mwenzako ana moja ya aina hiyohiyo iliyo nzima. Unampa tatu zako anakupa moja yake. Yeye kapata za kuwauzia wageni, wewe umepanda ngazi. Mwaka unaofuata unapanda tena. Mimi nilianza na bunda la faranga za Kongo ya ng'ambo zilizokwisha kufutwa na serikali yao, ambalo mfanyabiashara mmoja wa Kalemie alitaka kufungia maandazi. Nilimpa miche miwili ya sabuni, akaniona mwendawazimu.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura wa Kibirizi. Alikuwa akikaa juu ya mkeka karibu na maboti, na kijisanduku cha mbao mbele yake, akiwabadilishia abiria pesa za nchi tatu, na noti za zamani akiziweka kando kwa ajili ya wanaozikusanya. Hakujua kusoma. Noti aliisikiliza. Aliishika pembeni kwa vidole viwili akaipiga kwa ukucha, kisha akaipa daraja: inayolia, iliyonyamaza, iliyolala. Inayolia haijapita mikononi mwa watu. Iliyonyamaza imekunjwa, lakini bado ina heshima. Iliyolala imeshika samaki, imeshika mafuta ya mawese, imelala kwenye vifua vya akina mama, na huwezi kuiamsha tena. "Hamisi," aliniambia, "noti ni kama mtu mzima. Usimbadilishe umri wake, atakuaibisha mbele za watu."

Sikumsikia. Mwaka wangu wa pili nilipata noti nzuri ya wakati wa Wajerumani, tatizo ilikuwa imelala. Nikawaza: nguo ikilegea inatiwa wanga, noti ina tofauti gani? Nikachukua maji ya muhogo uliolowekwa, nikayachuja kwa kitambaa, nikaichovya, nikaianika juu ya kioo. Ilipokauka, wallahi ililia kama mpya. Nikaiweka kwenye albamu, nikapanda treni kwenda Tabora kwa Mzee Masudi.

Masudi huyo ndiye aliyekuwa mfalme wa noti kwenye reli yetu yote. Ukipita dukani kwake ungedhani anauza spea za baiskeli tu. Noti zilikuwa chumba cha nyuma. Siku ile aliishika noti yangu, akaipiga kwa ukucha, akatabasamu. Kisha akailamba pembeni.

"Hamisi," akasema, "hii nile na mchuzi gani?"

Nikajifanya sielewi. Akaigeuza, akanionyesha upande wa chini. Mende walikuwa wameufuata wanga, wameukwangua upande huo ndani ya albamu yangu mwenyewe, na mimi sikuwa nimeangalia. Tangu siku hiyo mpaka leo Masudi ananiita Mla Muhogo. Kwa hiyo, vijana, wanga marufuku. Pasi marufuku, iwe ya mkaa au ya umeme. Selotepu marufuku kabisa, maana gundi yake huigeuza karatasi rangi ya chai. Na ninyi wa siku hizi mnaokimbilia kwenye leminesheni, mjue kwamba mkishaipitisha noti kwenye ile mashine mmeizika, na hakuna wa kuifukua. Noti za kutoka kwa wavuvi wa Mwamgongo zitanuka dagaa. Ziache zinuke.

Lakini muhogo ni kosa la kuchekesha. Kuna jingine ambalo sikuwahi kulisimulia kwa kucheka.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wa Burundi walipokuwa wakivuka kwa wingi kuja kwetu. Siku moja nimekaa mkekani pa Bi Zuhura, akaja mwanamke mwembamba na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa anachemka homa, unaona kwa macho bila kumgusa. Mwanamke alifungua ncha ya kitenge, akatoa faranga ishirini. Ilikuwa ya wakati wa ufalme wa kwao, kabla hawajaanza kupiga mihuri ya jamhuri juu ya neno la ufalme. Moyo wangu uliruka. Hizo hazikuwa nyingi hata wakati ule.

Pembeni mwake, kwenye sehemu nyeupe, palikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, mistari minne.

"Ni watoto," yule mama akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno mojamoja. "Baba yao ameandika. Alisema karatasi yote watu wanawashia moto, ya pesa hapana, ya pesa hawachomi."

"Yuko wapi yeye?" Bi Zuhura akauliza.

Mama akatikisa kichwa. Akasema anataka dawa ya mtoto. Nilimpa bei ya haki, tena nikaongeza kidogo, hilo Mungu anajua. Alipozipokea pesa akaishika noti tena, akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Usifute."

"Sifuti, mama," nikamjibu.

Wiki tatu baadaye nilisikia Masudi amepata noti ya Wabelgiji. Niwaeleze kwa ufupi. Katika ile vita kuu ya kwanza Wabelgiji waliingia Kigoma wakaishika, na pesa waliyotumia ilikuwa noti zao za Kongo, wakizigongea maneno juu yake kwamba ni za nchi waliyoiteka. Kwa mtu wa Ujiji anayekusanya noti, hiyo ndiyo noti ya nyumbani, noti ambayo babu yangu mwenyewe huenda aliishika. Ya Masudi ilikuwa imelala, tena imepasuka katikati, lakini ilikuwa Mbelgiji. Alichotaka ni faranga ya ufalme, safi. "Iliyoandikwaandikwa usiniletee," alituma salamu, "mimi sinunui daftari."

Nilichukua raba ya kufutia, ile laini ya wanafunzi. Nikaanza juu, mstari kwa mstari, bila kusoma. Vumbi lililobaki nikalitoa kwa nyama ya ndani ya mkate. Sikuwa na njaa, wala sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa na hamu tu. Kazi ilikuwa nzuri hata nikajisifu. Bi Zuhura aliponiona nimeiweka safi ndani ya bahasha, alisema, "Si ulimwambia hufuti?" Nikamwambia mama yule hatarudi, wote wanapelekwa kambini. Bi Zuhura akahamisha kijisanduku chake upande mwingine wa mkeka, na wiki ile nzima hakunifundisha kitu.

Nilibadilishana na Masudi. Yule Mbelgiji aliyelala, miaka miwili mbele, nilimtoa pamoja na noti nyingine tano nikapata Mbelgiji aliyenyamaza. Baada ya miaka mingi ya kupanda hivyo, nikampata anayelia, pembe zote nne zimekaa kama alivyotoka kwa bwana aliyemchapa. Watu walikuja kutoka Dar es Salaam kuitazama tu. Albamu yangu yote ilijengwa kuizunguka noti ile, na chini ya ngazi yake palikuwa na raba.

Masudi aligundua. Nilipomtembelea safari iliyofuata, alifungua dirisha moja la chumba cha nyuma, akafunga yote mengine, akaishika faranga ile ikiwa bapa, karibu sawa na mwanga unavyoingia. "Njoo, Mla Muhogo. Usiitazame usoni. Itazame ubavuni." Nikainama. Risasi ilikuwa imekwisha, lakini aliyeandika alikuwa amekandamiza, na mifereji ya kalamu ilikuwa imebaki kwenye karatasi. Niliona mistari. Sikuisoma. Niliondoa macho upesi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba asimoitwa. Masudi hakudai noti yake irudi. Alisema ataiweka ukurasa wa kwanza wa albamu yake, kwenye karatasi laini bila kuikandamiza, ili kila anayeanza kazi aione. Akaiita noti ya mwizi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutazama ubavuni, na ninyi jifunzeni, maana wafutaji ni wengi. Mimi somo hilo nimekwisha kulilipia.

Sasa njooni karibu na siku hizi. Mwaka juzi, macho yangu yakiwa yamekwisha kuwa na ukungu, alikuja nyumbani Ujiji mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa wa Katonga. Alipiga hodi, akasema, "Shikamoo, baba. Ninaitwa Spesioza Nduwimana. Naambiwa wewe ndiye ulikuwa unakaa na Bi Zuhura wa Kibirizi."

Nikamkaribisha. Mama yake alikuwa amefariki wiki hizo, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa imepangwa. Padri wao alikuwa amemwambia alete majina ya marehemu wote wa nyumba ile, wasomwe pamoja kwenye misa.

"Sina majina, baba," akasema. "Najua tulizaliwa wanne. Watatu walibaki njiani wakati wa kukimbia, mimi nikaja mgongoni. Mama hakuwahi kuwataja. Ukimuuliza anasimama anaondoka. Siku moja tu, nikiwa na wanangu wachanga, akasema baba yenu aliwaandika kwenye noti, nikaiuza Kibirizi upone. Basi. Hakurudia."

Mama Asha alikuwa ameleta chai. Akabaki amesimama na birika.

"Mama alikuwa na mambo yake," Spesioza akaendelea, na hapo akacheka kidogo. "Mimi nina mapacha, vijana wakubwa sasa, wanafanya kazi kwenye maboti. Kwetu mapacha hawachaguliwi jina, wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, imekwisha. Lakini mama hakuwaita hivyo hata siku moja. Aliwaita wageni. Wageni wamekula? Wageni wamerudi? Tukasema bibi anazeeka, kumbe ndivyo alivyokuwa tangu wamezaliwa." Akaweka kikombe chini. "Nisaidie, baba. Nitamwambia padri anisomee nini? Watoto watatu wasio na jina?"

Nilimwambia noti iko, nitaileta. Habari ya raba sikumwambia. Alipoondoka nikafungua albamu, nikamtoa Mbelgiji.

Nilipanda treni ya Tabora nikiwa na kitabu kimoja mkononi, na ndani ya kitabu Mbelgiji wangu. Nilijua nakwenda kwa nani.

"Shikamoo, Mzee Masudi."

"Marahaba, Mla Muhogo. Bado hujafa?"

Amezeeka sana, anatembea kwa mkongojo, lakini bado anauza spea za baiskeli na bado mkali. Nikamwambia nataka ukurasa wake wa kwanza. Akacheka hadi akakohoa.

"Noti ya mwizi? Ile haiuzwi. Ile ndiyo shule yangu."

"Haiuzwi, lakini yabadilishwa."

Mfanyabiashara wa kweli akiona mtu mzima amesafiri kwa treni kwa ajili ya karatasi isiyo na thamani, haulizi sababu, anauliza bei. "Haya," akasema. "Lete Mbelgiji."

Ningemweleza habari ya Spesioza huenda angenipa bure, maana chini ya uchoyo wake ana moyo. Sikumweleza. Bi Zuhura alitufundisha usiuze hadithi, uza karatasi, lakini siku ile sababu yangu haikuwa hiyo. Nilitaka iniume. Nikafungua kitabu, nikamkabidhi Mbelgiji. Aliipiga kwa ukucha, ikalia. Iliniuma kweli, vijana, siwezi kuwadanganya. Niliusikia mlio wake na nikajua siusikii tena.

Nilimkuta Spesioza nyumbani kwake Katonga mchana, nyuma ya vichanja vya dagaa. Tulifunga madirisha. Zamani tungehitaji jua la pembeni, siku hizi simu zenu zina tochi, na hapo nawapa heshima yenu. Nikailaza noti mezani, nikailaza simu kando yake, mwanga upite juu ya karatasi bila kuipiga usoni. Mimi sikuona kitu ila ukungu mweupe.

"Pamefutwa," Spesioza akasema. "Baba, pamefutwa hapa."

"Inama mpaka macho yako yalingane na meza. Utaona mifereji. Nitasogeza taa polepole, ukiona herufi niambie nisimame."

Nikasogeza. Nilisikia pumzi yake karibu na mkono wangu.

"Hapo. Simama. B... Bu..." Nilidhani hajaona vizuri, nikataka kusogeza, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Usisogeze. Bukuru." Kisha chini yake, "Butoyi."

Akakaa kwenye kiti. "Mawe," akasema, kama wanavyomwita mama kwa lugha yao. "Mawe yangu. Wageni." Akaweka kitenge mdomoni, akalia, na mimi nikaendelea kushika simu palepale, ili mwanga usihame kwenye mstari. Yule bibi hakuwa anazeeka. Kila asubuhi kwa miaka yote hiyo vijana wawili walikuwa wanaingia jikoni kwake wakiwa na majina ya mapacha wake aliowaacha njiani.

Alipotulia akainama tena. Mstari wa tatu ukasomeka Nahimana. Akauandika kwenye daftari. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza, "Nani aliyefuta?"

"Mimi," nikasema. "Mama yako aliniambia nisifute. Nikamwambia sifuti. Nikafuta."

Nje watu walikuwa wanapakua boti, wanaitana. Sikuwahi kuingoja bei ya noti yoyote kama nilivyongoja jibu lake.

"Basi shika taa vizuri, baba," akasema. "Bado jina moja."

Nikasogeza. Hilo la mwisho lilikuwa limekandamizwa kuliko yote, akalisoma mara moja bila kutafuta herufi. "Nduwimana." Akapitisha kidole juu yake. "Huyu mimi."

Noti nilimwachia, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu zamani. Albamu yangu ninayo bado. Mkija nyumbani mtaona katikati yake ukurasa mtupu, na msiniulize kama nitaujaza. Wapo wanaoona nimeiharibu dakika za mwisho, baada ya miaka yote ya kupanda. Masudi ni mmoja wao, na ana haki ya kusema. Ninyi mkiletewa noti yenye maandishi, someni kwanza, kisha muulizeni aliyeileta, kisha iacheni kama ilivyo, hata kama bei inashuka.

Siku ya kumaliza matanga Spesioza alinialika. Nilikaa benchi la nyuma kanisani, kofia yangu mapajani, mgeni kabisa. Padri alisoma jina la bibi, akasoma la mume wake, kisha akasema polepole, "Bukuru. Butoyi. Nahimana." Mama Asha, aliyekaa kando yangu, alinieleza baadaye nisichoweza kukiona kwa macho haya: majina mawili ya kwanza yaliposomwa, vijana wawili wa benchi la mbele waliinua vichwa pamoja, kama watu walioitwa. Mama yao akawawekea mikono magotini, wakasikiliza.